Bolti za Mwanamke Mwingine

"Mimi nauza bolti! Nakaa juu ya bolti, nanuka bolti, nalala nikiota bolti, na wewe unaenda kununua bolti kwa mwanamke mwingine!"

Wakonyo alisimama katikati ya barabara ya vumbi, mikono kiunoni, kitenge kimefungwa vibaya kwa hasira. Mbele yake alikuwa mume wake, Kiragu, fundi wa trekta na trela, kofia ya kijani kichwani, ameshika mfuko wa karatasi. Mfuko huo ulitoka ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha Chepkirui, na kila mtu aliyekuwa hapo alijua ulikotoka, kwa sababu Kitale watu wana kazi nyingi lakini macho yao hayana kazi.

"Mama Ngige, punguza sauti," Kiragu akasema.

"Nipunguze ya nini? Kwani ni siri? Kama ni siri sema, tuite watu wachache."

"Kemboi anataka mpya. Anataka zinazong'aa. Trela zake zinabeba mahindi ya watu, si takataka."

"Kwa hivyo mimi nauza takataka."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Na umenunua mfuko mzima wa kulisema hilo."

Kiragu akatoa bolti moja, akaigeuza kwenye jua. Ilimeta kama kijiko cha harusi. "Angalia kichwani. Imeandikwa kumi na mbili nukta tisa. Hakuna bolti ngumu kuliko hii. Zako ni nane nukta nane, na zimelala kwa oili chafu."

Hapo ndipo Wakonyo aliposema maneno ambayo baadaye angetamani kuyala. Alisema kwa sauti, mbele ya wauza viazi na wasukuma mikokoteni: "Hizo zitakatika! Nawaambia nyote, zitakatika, na hamtajua zimekatwa na nani!"

Ng'ambo, Chepkirui alikuwa akipanga bolti zake juu ya kitambaa cheupe, mstari kwa mstari, kama mtu anayeuza peremende. Hakuinua kichwa. Alitabasamu tu, na tabasamu hilo lilimchoma Wakonyo kuliko tusi.

Wakonyo alizaliwa Trans-Nzoia, wa mwisho kwa baba aliyekuja kutoka Nyeri na jembe na Biblia. Shule aliachia darasa la nane. Karo ya sekondari ilienda kwa kaka zake, ambao mpaka leo hawajui kutofautisha nati na washa. Yeye alianza kwa kuokota vyuma pale malori ya zamani yanapovunjwa. Alipoolewa na Kiragu, mzigo aliokwenda nao kwa mume ulikuwa tayari mitungi mitupu: bolti za springi, za jembe la trekta, za magurudumu, zote kwenye oili iliyotumika ili zisiingie kutu. Akipewa bolti gizani angekwambia ni ya nini kwa uzito wake kiganjani. Oili ilikaa chini ya kucha zake hata Jumapili, hata akitoa sadaka.

Kisha akaja Chepkirui. Alishuka kutoka mteremko wa Elgon, mjane, mdogo kwa Wakonyo, na kucha nyekundu. Jamani, bolti gani inauzwa na mtu mwenye kucha nyekundu? Lakini ziliuzwa. Mzigo wake aliutoa kulekule kwenye malori ya zamani alikookota Wakonyo, kutu tupu, ila kila Alhamisi aliubeba kwenda Bungoma na kurudi nao ukiwa mweupe kama uliotoka kiwandani. Wateja wakavuka barabara. Wakonyo aliwahesabu kwa visogo.

Wateja angewavumilia. Kilichomnyima usingizi ni Alhamisi moja. Kiragu alitoka asubuhi bila kusema anakwenda wapi, akarudi jioni na miwa miwili na vumbi ambalo halikuwa la Kitale. Mke akauliza. Mume akasema, "Nilikuwa kazini." Alhamisi hiyo kibanda cha Chepkirui kilikuwa kimefungwa. Wakonyo alitafuna muwa wake, akautema kama mtu anayetema jina.

Siku chache baada ya ugomvi wa barabarani, Mzee Kemboi alifika na gari lake, akashuka bila kufunga mlango. Mikononi alikuwa na vichwa vya bolti, vichwa vitupu, bila miili.

"Kiragu! Njoo uone kazi yako."

Kiragu akatoka chini ya trekta akijifuta.

"Trela imesimama kwa boma yangu," Kemboi akasema. "Imejaa mahindi, imesimama. Haijavutwa, haijasukumwa. Mlinzi anasikia ta! Anafikiri ni tawi. Baadaye tena, ta! Asubuhi naenda kuangalia, mkono wa trela umelala chini na vichwa vya bolti viko kwa nyasi. Sasa niambie, bolti inaweza kukatika na trela imesimama?"

"Haiwezi, mzee."

"Haiwezi. Basi kuna mtu aliingia na msumeno." Kemboi akageuka polepole mpaka macho yake yakatua kwenye mitungi ya oili. "Na sisi sote tulisikia nani aliapa."

Wakonyo akacheka. Alicheka peke yake. Wauza viazi walikuwa wanatazama viazi.

"Mzee Kemboi, mimi nipande mpaka kwako na msumeno? Na haya magoti?"

"Wivu unapanda mlima, mama. Mpaka nijue ni nani alikata bolti zangu, mume wako hatagusa trela yangu hata moja. Na nitapeleka neno kwa chifu."

Trela za Kemboi zilikuwa mkate wa nyumba ile msimu wote wa mavuno. Lakini si hilo lililomwangusha Wakonyo. Jioni ile, nyumbani mtaa wa Tuwan, Kiragu alisukuma sahani ya githeri, akamwangalia kama anayeangalia injini yenye mlio asioujua.

"Wakonyo," akasema. Wakonyo, si Mama Ngige. Hakuwa amemwita hivyo tangu mtoto azaliwe. "Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa chama cha akina mama. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nauliza."

Basi neno hilo liliingia na kukaa. Mwanamke anaweza kuitwa mwenye wivu na watu wa soko, akawajibu, akauza, akaenda nyumbani. Lakini kuitwa mhalifu na yule uliyemfulia ovaroli zenye grisi miaka yote ni kitu kingine.

"Nipe hiyo bolti," akasema.

Kiragu akaweka kipande mezani, kando ya chumvi. Wakonyo akakiinua karibu na taa. Bolti zilizokatika ndizo zilizomlea. Iliyokatwa kwa msumeno huwa na mikwaruzo ya meno. Iliyozidiwa mzigo huwa nyembamba shingoni, imevutika kabla ya kuachia. Iliyolegea ikachezacheza huonyesha miduara kama kitunguu. Hii haikuwa na meno, wala shingo, wala miduara. Ilikuwa na chembechembe, safi, kama sukari nguru iliyovunjwa kwa mkono.

"Haikukatwa," akasema. "Hii imepasuka yenyewe."

"Chuma haipasuki yenyewe."

"Basi uliza hii. Au kamuulize aliyekuuzia, si mnaongea?"

Kiragu akanyanyuka, akaenda kulala bila kumaliza githeri.

Asubuhi Wakonyo alivaa nguo ya kanisa, akafunga kile kipande kwenye leso, akaenda Bungoma. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya bolti. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Mwenye pikipiki mjini Bungoma alijua mara moja. "Yule wa kung'arisha vyuma? Iko njia ya Bumula, nyuma ya posho mill, pale wanasaga unga." Akamshusha kwenye ua wenye mapipa ya plastiki, nyaya, na harufu iliyokwaruza koo. Mtu mfupi mwenye buti za mpira na aproni iliyoliwa matundu akatoka kumlaki. Jina lake lilikuwa Matthew.

"Karibu, mama. Unaleta mzigo?"

"Naleta swali. Chepkirui wa Kitale huja hapa na nani?"

"Na mzigo wake."

"Nimeuliza na nani, sijauliza na nini."

Matthew akamwangalia toka kichwa mpaka viatu. "Mama, kwani wewe ni porisi?"

"Mimi ni mbaya kuliko polisi. Mimi ni bibi ya mtu."

Matthew akacheka mpaka akashika pipa. Lakini Wakonyo alipofungua leso, kicheko kikaisha. Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akasonya.

"Hii ni ya ile siku stima ilipotea," akasema polepole. "Nirimwambia angoje. Nirimwambia kweri kabisa."

"Angoje nini?"

"Oveni. Njoo uone, bana."

Akachukua bolti yenye kutu, akaitumbukiza kwenye asidi. Punde kutu ikaanza kuachia, na povu dogo dogo likapanda juu, likichemka bila moto.

"Unaona hiyo povu? Hiyo ni hewa, inaitwa haidrojeni. Nyingi inapanda, inaenda zake. Lakini kidogo haipandi. Inaingia ndani ya chuma."

"Ndani ya chuma! Kuna mlango?"

"Kwa hewa hiyo uko. Ni ndogo kuriko kitu yote, mama. Nikiweka hii zinki ya kung'aa kwa stima, inaingia ingine tena, na zinki inaifungia ndani kama kifuniko. Sasa chuma raini, zile nane nukta nane, haijari. Ukiivuta inajinyoosha kidogo, inavumiria. Lakini hii ngumu sana haijui kujinyoosha. Ukiikaza, ile hewa inatembea, inakusanyika pare inapovutwa zaidi. Inafungua ufa kidogo. Inaingia kwa ufa, inafungua tena. Na wewe uko kitandani unasema bolti yangu ni mpya."

"Kisha ta."

"Kisha ta. Hata kama trela imesimama. Si kutembea inaikata, ni kule kukazwa."

Wakonyo akafikiri. Alitaka kulishika jambo lile kwa kitu anachokijua.

"Ni kama maharagwe ya jana," akasema hatimaye. "Mtu asiye na aibu anatoa upepo, anaendelea na kazi yake. Ni yule anayejibana mbele ya wakwe ndiye tumbo linamkata."

Matthew alikaa chini. Kweli alikaa chini, kwenye ndoo. Alipopata pumzi alisema, "Mama, mimi nirifanya hii kazi Nairobi miaka mingi, hiyo hawakuniambia."

Dawa ilikuwa moja: bolti ngumu zikitoka kwenye zinki ziingie oveni mara moja, moto wa kuoka mkate, kutwa nzima, hewa itoke kabla hazijakazwa. Siku ile stima ilikatika Bungoma nzima. Chepkirui alisema fundi anangoja, mteja ana mahindi shambani, nipe hivyo hivyo. Zake za kawaida alikuwa amezibeba hivyo hivyo mara nyingi na hazikumletea aibu. Nani angemwambia kwamba ile namba kubwa kichwani, ambayo Kiragu aliiomba mwenyewe akidhani anaomba usalama, ndiyo iliyofanya asidi kuwa sumu?

"Na huyo fundi," Wakonyo akasema, akijifanya anafunga leso. "Wa kofia ya kijani. Alikuja naye?"

"Mara moja. Aritaka kujua kama naweza kung'arisha mzigo wa bibi yake. Nikasema arete. Akasema, ah, bibi yangu atanipiga, yeye na oili yake."

Kuku alipita kati ya mapipa, akaonja maji, akakimbia.

"Walikuja na pikipiki moja, au mbili?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu."

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno. Angesimama palepale katikati ya barabara. Angemwita Chepkirui kwa jina lake kamili, na la baba yake kama angelipata. Angemaliza kitambaa cheupe, tabasamu na zile kucha kwa pumzi moja. Lakini alipofika akaona ubaya wa mpango wake: nani angemwamini? Mwenye wivu akileta habari za mwenziwe, watu husikia wivu, hawasikii habari. Hata Kiragu.

Ikabidi chuma kiseme chenyewe.

"Mzee Kemboi," akasema kwenye simu, "nipe siku moja. Sitaki maneno yako wala yangu. Nataka stoo yako na kufuli lako."

Wakakutana bomani kwa Kemboi, wote wanne. Chepkirui alikuja na zile bolti ngumu zilizobaki kwenye mzigo uleule, kwa sababu Kemboi alimwambia alete. Wakonyo akatoa mbili zake, nyeusi, zenye oili. Kiragu akazipitisha zote kwenye bamba nene la chuma, akazikaza kwa spana moja, kwa mkono mmoja, huku mke wake akimwangalia begani.

"Usinipendelee," Wakonyo akamwambia.

"Nani anaweza kukupendelea wewe," Kiragu akasema, lakini alikaza sawasawa.

Bamba likawekwa sakafuni ndani ya stoo tupu. Kemboi akafunga, akatia ufunguo kwenye soksi.

Siku ikapita. Kesho yake wakaketi nje wakinywa chai. Wakonyo alianza kuogopa. Kama hakuna kitakachotokea, atakuwa ameufunga mlango wa jela yake kwa mkono wake. Kiragu alikuwa amekaa upande wa Chepkirui, si kwa kupenda, kiti kilichobaki kilikuwa hicho, lakini Wakonyo alikiona kiti hicho kuliko mlima wote ulio nyuma yake. Chepkirui alichukua sukari. Akampa Kiragu sukari. Kwani Kiragu hana mikono?

Ta!

Kikombe cha Kemboi kikamwagika. Walisimama wote. Kemboi akavua kiatu palepale, akavuta ufunguo, akafungua. Bamba lilikuwa pale lilipokuwa. Kichwa kimoja kinachong'aa kilikuwa kimerukia ukutani. Walipokuwa bado wameinama, cha pili kikaachia mbele ya macho yao, bila kuguswa na mtu, na Kemboi akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Zile nyeusi mbili zilikaa kimya na ubaya wao.

Sasa Wakonyo akaeleza: asidi, povu, hewa inayoingia, oveni isiyowaka. Maharagwe aliyaruka, kwa heshima ya mzee.

Chepkirui hakubisha. "Aliniambia ningoje," akasema. "Nilifikiri ni mambo ya kuongeza bei. Zile zingine hazijawahi kukatika."

"Na mimi ndiye niliyesema ziwe ngumu kabisa," Kiragu akasema.

Kemboi akakohoa. "Mama, nilikutukana bure mbele ya watu."

"Basi uje unisifu mbele ya watu. Palepale, kwa viazi."

"Nitakuja."

Kiragu alikuwa bado ameshika kipande chenye chembechembe. Alikitazama, kisha akamtazama yeye. "Mama Ngige," akasema. Basi. Lakini Wakonyo alilazimika kugeuka atazame mahindi ya watu, kwa sababu jicho lilikuwa limeingiwa na kitu.

Ningependa kusema kwamba wivu uliisha hapo. Haukuisha. Alifurahi kumwona Chepkirui akishuka ule mteremko na mfuko wa bolti za kutupa. Alifurahi sana, na akalala vizuri.

Ila trela zilikuwa zinangoja, na aliyeuza mbovu ndiye wa kubadilisha. Saizi ile ilikuwa kwenye mitungi ya mtu mmoja tu. Chepkirui akavuka barabara kwa mara ya kwanza. Alisimama mbele ya oili, akaikunja sketi isiguse.

"Mama Ngige, niazime bolti. Nitakurudishia bolti kwa bolti nikipata mzigo."

"Chukua. Ingiza mkono mwenyewe."

Chepkirui aliangalia mtungi, akaangalia kucha zake. Akaingiza mkono mpaka kiwiko. Wakonyo hakumpa kitambaa cha kujifuta mpaka alipomaliza.

Mavuno yakaisha, mvua zikaanza kunyemelea, na asubuhi moja Chepkirui akavuka tena, safari hii na mkebe mzito. Ndani bolti zilikuwa nyeusi, hazijapelekwa Bungoma, zimelowekwa kwenye oili kama Wakonyo anavyopenda. Wakonyo akazimwaga kwenye gunia, akazipitia moja moja kiganjani.

"Imebaki moja," akasema.

"Najua. Nimetafuta kila mahali, sijapata ya uzito huo. Nipe muda kidogo."

Upande wa pili wa barabara, Kiragu alikuwa akipita na spana begani. Akapunga mkono. Haikueleweka anampungia nani kati yao. Wote wawili wakamwangalia mpaka akapotea nyuma ya malori.

"Hiyo moja nimekusamehe," Wakonyo akasema, akizirudisha bolti mtungini. "Lakini huyo aliyepita, sijamwachia mtu."